Kikombe cha pedeli kwenye baiskeli ya zamani ya mashindano: mjue kwanza aliyeiunga

Mzee mmoja wa Kizota aliniletea baiskeli ya mashindano aliyoachiwa na padri Mwitaliano. Fremu ya chuma, imeungwa kwa mkono, ekseli ya pedeli inalia kama mlango wa zizi. Ilinila mchana mzima.

Hatua ya 1. Vua magurudumu, cheni na kranki.

Hatua ya 2. Tafuta alama ya fundi. Pindua fremu, safisha vumbi kwa mswaki na mafuta ya taa. Msasa marufuku! Stika ya Columbus au Reynolds 531 inakutajia bomba, si aliyeliunga. Jina la Campagnolo pale inapokaa ekseli ya nyuma nalo halitoshi. Mafundi wa nchi nyingi walitumia vipande hivyo. Angalia viungio vya mabomba. Fundi Mwitaliano Ernesto Colnago wa Cambiago, karibu na Milano, alama yake ni pau, ile ya karata. Ya mzee ilikuwa nayo, imetobolewa kwenye kiungio, imejaa tope jekundu.

Hatua ya 3. Fungua kikombe cha kulia, yaani kipande kinachofungwa kwa uzi kama skrubu na kushika gololi za ekseli ya pedeli. Kwenye baiskeli zetu za kubebea madumu, zenye uzi wa Kiingereza, kikombe hiki hufunguka kwa kufuata mshale wa saa. Mkono ulishazoea. Nikazungusha hivyo, kikagoma. Nikachomeka bomba kwenye spana nipate nguvu, nikamwaga mafuta, nikaita kijana anishikie. Kumbe nakaza! Uzi wa Kiitaliano hufunguka kinyume na mshale wa saa, pande zote mbili.

Kwa hiyo pima kwanza kwa vernia upana wa kibomba kinachobeba ekseli. Milimita 70 ni Mwitaliano. Ukikuta 68, usikimbilie kusema Mwingereza: Wafaransa wa zamani nao walitumia 68, na kikombe chao cha kulia hufunguka kama cha Mwitaliano. Ndiyo maana nikasema mtafute fundi kwanza.

Spana achana nayo, inateleza na kula kona. Bana kikombe kwenye jiliwa, fremu ikiwa juu imelala, kisha zungusha fremu yenyewe. Urefu wake ndio nguvu yako. Ukiitazama kutoka juu, fremu ya Kiitaliano nayo unaizungusha kinyume na mshale wa saa. Mimi huchora mshale kwa chaki sakafuni, maana fremu ikishalala akili inageuka. Ikigoma, mafuta ya kupenya, ulale, urudi asubuhi. Moto usiguse, rangi ya mwenyewe itababuka.

Hatua ya 4. Gololi mpya za robo inchi, 11 kila upande, na grisi ya kutosha. Cha kulia kaza kwelikweli: uzi wa Kiitaliano upande huo hulegea wenyewe ukipiga pedeli. Cha mzee kililegea baada ya siku tatu, nikakaza upya bila kumtoza.