Dozi ya HIPEC: miligramu peke yake hazitoshi

Faili la mgonjwa wa saratani ya utumbo mpana aliyefanyiwa HIPEC, yaani tibakemia ya moto tumboni, huko India linaweza kufika kliniki Ocean Road, hospitali ya saratani ya Dar es Salaam, limeandikwa tu jina la dawa na kiasi: "mitomaisini mg 60", basi. Kwa maandishi hayo huwezi kukagua chochote. Dai pia lita za maji yaliyochanganywa na dawa, dakika na nyuzi za joto.

Anza na eneo la uso wa mwili, maana dozi hupangwa kwa mita zake za mraba. Zidisha sentimita za urefu kwa kilo za uzito, gawa kwa 3600, kisha tafuta kipeuo cha pili. Mgonjwa wa sm 165 na kilo 66 anatoka na mita za mraba 1.74. Mpime upya, usinakili uzito wa kwenye karatasi ya rufaa. Na kama tumbo limejaa maji, kumbuka kilo hizo za maji zinapandisha dozi bure.

Itifaki ya Kiholanzi ni mg 35 kwa kila mita ya mraba, dakika 90, nyuzi 41 hadi 42. Kwa mgonjwa wetu ni mg 61: nusu mwanzoni, robo dakika ya 30, robo dakika ya 60. Inagawanywa hivyo kwa sababu utando wa tumbo unaifyonza dawa, na mkolezo, yaani kiasi cha dawa katika kila lita, unashuka kadiri muda unavyokwenda. Vituo vingi vya Marekani hutumia kiasi kimoja kwa wote, mg 30 kisha mg 10 dakika ya 60. Usichanganye itifaki hizi mbili.

Hatari kubwa iko kwenye maji. Ile nusu ya kwanza, mg 30.5, ukiiweka kwenye lita 3 unapata mg 10 kwa lita. Kwenye lita 5 unapata mg 6 tu. Dozi ni ile ile, lakini saratani inakutana na dawa hafifu. Wanaopanga dozi kwa mkolezo hurekebisha hilo, ila tumbo kubwa hupokea dawa nyingi zaidi na uboho ndio unaoumia. Kwetu njia bora ni kufunga vyote viwili, dawa na maji, kwenye mita za mraba, kama alivyofanya daktari mpasuaji wa Marekani, Sugarbaker: mitomaisini mg 15, pamoja na dawa nyingine, doksorubisini, mg 15, ndani ya lita 1.5 kwa kila mita ya mraba. Mgonjwa wetu angepata lita 2.6.

Oksaliplatini, dawa nyingine ya HIPEC, ni mg 460 kwa mita ya mraba tumbo likiwa wazi, 360 likiwa limefungwa, lita 2 kwa mita ya mraba, dakika 30, nyuzi 43. Maelekezo yake yanakataza maji ya chumvi, hivyo huchanganywa na maji ya sukari, dekstrosi asilimia 5. Matokeo yake sukari inapanda na sodiamu inashuka; daktari wa usingizi avipime mara kwa mara. Utafiti wa Kifaransa PRODIGE 7, uliochapishwa 2021 kwa wagonjwa 265, haukuona dawa hii ikirefusha maisha kuliko upasuaji peke yake.

Dawa yoyote isiingie kabla joto la tumboni halijafika. Saa inaanza hapo. Baada ya mitomaisini, rudia FBP (kipimo cha chembe zote za damu) wiki ya kwanza na ya pili, ukiangalia chembe nyeupe.