Idd Unguja: kupanga safari kabla mwezi haujaandama

Idd el Fitr haina tarehe ya uhakika mpaka usiku wa kuamkia sikukuu yenyewe. Ramadhani huwa siku 29 au 30, na mwezi ukionekana jioni ya siku ya 29, Ofisi ya Mufti hutangaza usiku uleule. Kalenda ya ukutani isikudanganye: panga kwa siku mbili.

Anza na boti. Kutoka Dar es Salaam ni takriban saa mbili, lakini siku mbili za mwisho za mfungo viti hujaa watu wanaorudi makwao. Kata tiketi ya Ramadhani 27, na jina liwe lilelile lililo kwenye kitambulisho. Tiketi ya kurudi iwe ya Idd Tatu au baadaye. Anayekata ya Idd Pili kwa hesabu ya mfungo wa siku 29, mfungo ukitimia 30, sikukuu yake huishia bandarini.

Nyumba ya wageni iulize mapema: Idd ikisogea siku moja, wataniongezea usiku kwa bei ileile? Jibu lipate kwa maandishi.

Kufika mapema kuna gharama yake. Mchana migahawa mingi ya mjini imefungwa, na kula au kunywa hadharani kunaweza kukufikisha polisi. Kula ndani ya hoteli, au ngoja futari.

Fedha taslimu toa kabla ya siku ya 29. Benki hufungwa sikukuu, na mashine za mjini zikikauka hakuna wa kuzijaza. Huko mashamba, mashine zenyewe ni za kuhesabu. Chukua noti ndogondogo.

Asubuhi ya Idd Mosi usipange ziara. Watu wako kwenye sala, kisha kwa jamaa zao. Maduka mengi ya Darajani yamefungwa na daladala ni chache. Kama lazima utoke, patana na dereva wa teksi tangu jana yake. Raha yenyewe huanza alasiri Mnazi Mmoja: watoto na nguo mpya, pembea, vibanda vya midoli. Forodhani nako kunafurika, kwa hiyo uliza bei kabla mshikaki wa pweza haujawekwa kwenye moto. Ukishachomwa, ni wako kwa bei atakayoitaja.

Kama ruhusa ya kazini haisogei, bora Idd el Hajj. Huangukia siku ya kumi ya Mfungo Tatu (Dhulhija), kwa hiyo mwezi ukishaandama bado una siku tisa za kutafuta tiketi.