Siku tatu za kwanza na eafoni mpya za jukwaani

Napiga gitaa la besi kwenye kwaya huku Nyakato, Mwanza. Kwa miaka mingi nimejisikia kupitia spika ya monita iliyolazwa sakafuni mbele ya miguu yangu. Kwaya ikichangamka, spika ile inamezwa na ngoma, kila mtu anamwomba fundi mitambo amwongezee, na tukitoka ibadani masikio yanapiga miluzi. Ndiyo maana mwezi uliopita nilikwenda Makoroboi nikanunua, kwa shilingi 65,000, eafoni za kuziba sikio, zile ambazo waya wake unapitia juu ya sikio. Kila upande una spika mbili: moja ya milimita 10 kwa besi na sauti za kati, nyingine ndogo mno kwa sauti za juu.

Nilizijaribu palepale dukani kwa rekodi ya mazoezi yetu. Besi haikuwepo. Gitaa langu mwenyewe lilisikika kama mtu anakwangua sufuria, na nusura nizirudishe. Kumbe eafoni hazina kosa, kosa ni raba, vile vikofia laini vinavyoingia sikioni. Kwa hiyo ndugu yangu, kama umenunua za kwako leo, anzia hapo kabla hujasema ni nzuri au mbaya.

Kwa kawaida boksi huwa na raba ndogo, za kati na kubwa. Besi inataka hewa ifungiwe kati ya spika na ngoma ya sikio. Raba ikiacha upenyo, besi inatorokea hapo, unabaki na sauti za juu peke yake. Ukivaa, pitisha mkono wa upande wa pili nyuma ya kichwa, vuta sikio juu na nyuma, fungua mdomo kidogo, kisha ingiza eafoni huku ukiizungusha taratibu. Ukisikia kitu kinabofya ndani, usiogope, ni hewa inayosukuma utando wa spika. Halafu fumba mdomo, guna "mmm". Sauti yako ikivuma kichwani kama umeingia kwenye pipa, sikio limeziba.

Pima sikio moja moja, maana hayafanani. Usiku wa pili nilijirekodi nikipiga uzi mnene kuliko yote bila kuubana, noti ya E inayotetemeka kama mara 41 kwa sekunde, nikausikiliza upande kwa upande. Kulia ilikuwa nzito na imetulia, kushoto nyembamba kabisa. Nikaacha raba ya kati kulia, kushoto nikaweka kubwa, na noti ikaja kukaa katikati ya kichwa. Niliirudia zaidi ya mara kumi kwa furaha.

Sasa sikiliza kitu unachokijua mwanzo hadi mwisho, si wimbo uliotoka jana. Mimi nilitumia rekodi ileile ya kwaya, nikaifuata sauti ya pili peke yake mpaka mwisho, jambo ambalo spika za nyumbani hazijawahi kuniwezesha. Ila herufi "s" za sauti ya kwanza zilinichoma, hasa kwenye neno "msalaba". Nilipunguza sauti, kisha nikajaribu raba za sponji, ukali ukapungua. Watu watakwambia uziache zipige saa 100 kwanza ili "zilegee". Mimi sikuona zikibadilika. Kilichobadilika ni sikio langu kuzizoea, na hilo lilichukua siku tatu hivi.

Nje, kuwa mwangalifu sana. Nilikaa karibu na kivuko cha Kamanga nikiwa nimezivaa, honi ikanifikia kama inatoka ng'ambo ya ziwa. Usizivae kwenye bodaboda, wala ukivuka Barabara ya Nyerere.

Jukwaani, rudisha kitufe cha sauti cha kifaa ulichochomeka eafoni kwenye sifuri kabla ya kuvaa, ndipo upandishe kidogo kidogo. Vaa zote mbili. Ukitoa moja, sikio lililo wazi linapigwa na jukwaa zima, na lile lingine utaliongezea sauti ili lishindane. Shirika la Afya Duniani linasema sauti ya desibeli 80 (desibeli ni kipimo cha ukubwa wa sauti) unaweza kuisikiliza hadi saa 40 kwa wiki, lakini desibeli 90 ni saa 4 tu. Sisi tuna mazoezi Jumatano na Jumamosi, kisha ibada, kwa hiyo saa 4 zinakwisha kabla Jumapili haijafika.

Mwambie fundi mitambo akuwekee kwanza chombo chako, kisha ngoma, kisha mwimbaji anayeongoza. Vingine viongezwe pale tu unapovikosa. Jumapili yangu ya kwanza nazo sikumwomba aongeze chochote. Nilimwomba apunguze kinanda.