Kulala Garini na Familia Wakati wa Kiangazi: Safari ya Kutoka Lubumbashi

Likizo kubwa ya shule huwa Julai na Agosti, wakati mvua imekwisha kitambo na barabara za udongo za Katanga zimekauka. Ni majira mazuri ya kusafiri na watoto, lakini ndiyo pia majira ya baridi ya usiku, vumbi na moto wa porini, na mambo hayo matatu yanastahili kuongoza maandalizi yako kuliko orodha ya vyakula.

Magari makubwa yenye vitanda, jiko na choo ndani, ambayo familia nyingi za Marekani na Afrika Kusini husafiria, ni nadra kuonekana Lubumbashi, wala si lazima uwe nalo. Minibasi ya Toyota Hiace inatosha. Ondoa viti vya safu mbili za nyuma, kisha mwombe seremala atengeneze kitanda cha mbao kilichoinuka kiasi cha kuwezesha masanduku ya vyombo, unga na makala (makaa ya kupikia) kuingia chini yake. Mama na watoto watalala hapo juu ya godoro la sponji, na wengine katika hema dogo kando ya mlango. Vitu vizito vikae chini, kati ya magurudumu ya mbele na ya nyuma, kwa sababu mzigo uliofungwa juu ya paa hulifanya gari liyumbe kwenye kona. Gari linapokwenda, mtoto yeyote asilale kwenye kitanda hicho. Akae kwenye kiti na kufunga mkanda.

Kwa safari ya kwanza napendekeza barabara ya Likasi, yenye urefu wa kilomita 120 hivi, ambayo ina lami na ina vijiji vya kutosha njiani. Weka faranga karibu na dereva kwa ajili ya kulipia kizuizi cha ushuru wa barabara. Malori ya shaba ni mengi, na yanapotoka kwenye lami huacha wingu la vumbi linaloficha kila kitu; washa taa hata mchana, na usijaribu kamwe kulipita lori ambalo huoni mbele yake. Walio na gari la kupanda milima wanaweza kufikiria Hifadhi ya Kundelungu, iliyoanzishwa mwaka 1970, yalipo maporomoko ya Lofoi yenye kimo cha mita 340 hivi. Waende mapema katika kiangazi, kwa maana maji hupungua sana kadiri miezi inavyosonga, na waulize ICCN, taasisi ya Kongo inayosimamia hifadhi za taifa, kuhusu ruhusa na hali ya njia kabla ya kuondoka mjini.

Panga kufika mahali pa kulala saa tisa alasiri, kwa kuwa jua huzama mapema. Kabla ya kushusha hata sufuria moja, baba au mama aende kumsalimu mkuu wa kijiji, aeleze nia ya familia na aombe kuonyeshwa mahali. Hiyo ni heshima, na pia ni ulinzi, kwa maana wenyeji ndio wanaojua ni upande gani watu wanachoma nyasi wiki hiyo. Chagua uwanja uliokwisha kulimwa au kuungua, fyeka nyasi zilizobaki kulizunguka gari, na uliegeshe likiwa limeelekea barabarani ili uweze kuondoka bila kugeuza.

Usiku wa Julai joto huweza kushuka chini ya nyuzi 10, na wengi hujifunika vizuri huku wakisahau kwamba baridi hupanda kutoka chini. Tandika blanketi moja juu ya godoro kabla ya lile la kujifunika. Hapa nawasihi wazazi kwa dhati: msiingize mbabula, yaani jiko la makala, ndani ya gari wala ndani ya hema, hata kama makala yamebaki mekundu tu bila moshi. Makala hayo hutoa gesi ya kaboni monoksidi, isiyo na rangi wala harufu, nayo huua mtu akiwa usingizini. Mbabula ipike bukari na sombe nje, ibaki nje. Mtoto anayeona baridi apewe soksi, kofia na chupa ya maji ya moto iliyofungwa kwa kitambaa. Acheni dirisha wazi kidogo, na mtundike chandarua.

Maji ya kunywa yatoke nyumbani katika bidoni safi. Watoto wasiogelee kwenye maji yaliyotulia yenye matete, kama yale ya kingo za ziwa Tshangalele, kwa sababu vijidudu vya kichocho huingia kupitia ngozi.

Asubuhi, kagueni magurudumu yakiwa bado baridi, likiwemo la akiba. Mwageni maji juu ya majivu, myakoroge kwa kijiti, na mmwage tena mpaka kiganja kilichowekwa karibu kisihisi joto lolote, ndipo muwashe injini.