Safisheni orodha ya bidhaa kabla ya kuhamia mfumo mpya

Wenye maduka ya jumla hapa Arusha mnaotoka kwenye madaftari na Excel kwenda mfumo wa ERP (programu moja inayosimamia stoo, mauzo na hesabu za biashara) kama Odoo au SAP, nawaomba sana: msiingize bidhaa hata moja kabla ya kusafisha orodha yenu. Kwenye duka moja la vifaa vya ujenzi nilikosaidia, msumari wa inchi nne ulikuwa na majina matatu: "msumari 4", "misumari inchi 4", "misumari mikubwa". Huyu anaandika kwa kilo, yule kwa katoni. Kwa mfumo hizo ni bidhaa tatu, kwa hiyo mnunuzi anaambiwa imeisha wakati stoo imejaa.

Chagueni jina moja na kipimo kimoja, kisha muuelekeze mfumo katoni ina kilo ngapi. Kila bidhaa iandikwe kama ina VAT ya asilimia 18 au imesamehewa.

Fungeni Jumamosi jioni, hesabuni Jumapili, anzeni Jumatatu. Na anayeongoza kuhesabu awe mtunza stoo, si kijana wa kompyuta. Yeye ndiye anayejua kilichojificha nyuma ya mabati.