SOMO: Kuangalia mnada wa jodari Tokyo

Wadau, kila anayepita Tokyo anaulizia soko la Tsukiji. Mnada haupo tena huko. Soko la jumla lilihamia Toyosu Oktoba 2018, Tsukiji yakabaki maduka na vibanda vya nje. Kwa hiyo asubuhi yako igawe: Toyosu kwa macho, Tsukiji kwa tumbo.

1. Kalenda kwanza. Toyosu hufungwa Jumapili, sikukuu na baadhi ya Jumatano. Tazama tovuti ya soko kabla hujalipia hoteli.

2. Omba nafasi. Roshani ya chini, karibu kabisa na samaki, hupatikana kwa bahati nasibu mtandaoni, na maombi hufanywa mwezi mmoja kabla. Ni bure. Ukikosa, juu kuna ushoroba wa vioo usiohitaji maombi. Lakini jaribu bahati yako: chini unamsikia dalali, juu unaona midomo tu inacheza.

3. Usafiri. Treni ya Yurikamome, shuka Shijo-mae. Mnada huwa kati ya saa 11:30 alfajiri na saa 12:30 asubuhi, na treni ya kwanza inaweza kukuchelewesha. Lala jirani au panda teksi.

4. Ukifika, tazama mikono. Jodari wamelazwa sakafuni kwa safu, mikia imekatwa. Wanunuzi wanapita na tochi, wanachokonoa nyama pale mkiani na kuisugua vidoleni kupima mafuta. Sakafu imepakwa kijani makusudi, ili wekundu wa nyama uonekane vizuri. Kengele ikilia, dalali anaanza kughani bei, wanunuzi wanajibu kwa vidole tu. Samaki mmoja anauzwa kwa sekunde chache. Aliyezoea mnada wa Feri, Dar, na utani wake, ataduwaa. Januari 2019, katika mnada wa kufungua mwaka, jodari wa kilo 278 aliuzwa yeni milioni 333.6. Ile ni bei ya kutafuta jina, msidhani ndiyo ya kila siku.

Picha ruksa, flashi marufuku.

5. Kifungua kinywa Tsukiji. Rudi kwa Yurikamome hadi kituo cha Toyosu, panda treni ya njia ya Yurakucho hadi Shintomicho, kisha tembea kidogo. Beba taslimu. Kula mbele ya kibanda ulichonunua, usile ukitembea. Nenda mapema, vibanda vingi hufunga mchana.

MASWALI

*Mkuu, Toyosu naweza kununua samaki?*
Mnadani hapana, ni wenye leseni tu. Ila yapo maduka ya visu, chai na vyakula, na migahawa ya sushi yenye foleni ndefu.

*Sisi Waislamu je?*
Dada, samaki hana shida, shida ni viungo. Mchuzi wa mkunga na mayai ya kukaanga ya tamagoyaki mara nyingi huwekwa mirini, ambayo ina kilevi, na hata sosi ya soya nyingine huwa nacho. Uliza kabla ya kuagiza.

*Mimi nitakuwa Fukuoka, Tokyo mbali.*
Basi nenda Karato, Shimonoseki. Toka bandari ya Moji ni kama dakika 5 kwa boti. Soko liko wazi kwa umma, na Ijumaa hadi Jumapili wauzaji wanapanga sushi mezani, unachagua kipande kimoja kimoja. Samaki bunju ndiye fahari ya mji ule. Ndiyo, yule yule mwenye sumu, ila anaandaliwa na wenye leseni.