Kuingia konsoli ya nodi wakati mtandao umekufa

Hapa Lubumbashi mvua za Novemba hadi Machi huja na radi. Umeme ukikatika kisha ukarudi, hazikosi nodi (kompyuta moja moja za kundi letu) mbili tatu zilizonyamaza: ping (kuuliza kama mashini iko hai) kimya, SSH (kuingia kwa mbali kupitia mtandao) kimya. Mimi nakaa Katuba, mashini ziko mjini, na usiku siendi kuchomeka skrini. Naingia kwa konsoli ya siriali, yaani skrini ya maandishi ya nodi inayopitia mlango wake wa siriali. Kijana yeyote anayeanza kazi nasi namfundisha hili kwanza.

Kila nodi yetu ina BMC, kompyuta ndogo iliyo kwenye ubao mama, ambayo hubaki macho hata nodi ikizimwa, mradi waya wake una umeme. Huongea IPMI (lugha ya kusimamia mashini kwa mbali) kupitia UDP 623. Kutoka seva kuu:

`read -rs IPMI_PASSWORD; export IPMI_PASSWORD`
`ipmitool -I lanplus -H nodi07-bmc -U msimamizi -E sol activate`

Usiandike neno la siri kwa `-P`. Huenda mwenye akaunti kwenye seva hiyo akaliona kwa `ps` (orodha ya programu zinazoendeshwa). Skrini ikiwa nyeusi, bonyeza Enter. Kutoka ni Enter kisha `~.`, lakini kama umepitia SSH andika `~~.`, la sivyo utakata SSH yenyewe. Ukiambiwa kuna kikao kingine, uliza wenzako kwanza, ndipo utumie `sol deactivate`.

Bado giza? Basi mara nyingi kerneli (kiini cha Linux) haijaelekezwa kwenye siriali. Katika `/etc/default/grub`:

`GRUB_CMDLINE_LINUX="console=tty0 console=ttyS1,115200n8"`

Ya siriali iwe ya mwisho, maana hiyo ndiyo inayokuwa `/dev/console`. Kwenye mashini nyingine ni ttyS0. Kasi (hapa 115200) ilingane na ile ya BIOS, programu inayoiamsha mashini. Kwenye Debian endesha `update-grub`, kisha washa nodi upya.

Ila SOL (siriali kupitia mtandao, ile ya `sol activate`) hukuonyesha tu yanayopita ukiwa unatazama. Nodi ikianguka saa tisa usiku, maneno yake ya mwisho yanapotea, na hayo ndiyo unayoyahitaji kuliko yote. Kwa hiyo weka programu ya conserver: inashikilia konsoli zote muda wote na kuandika kila moja kwenye faili lake. Unaingia kwa `console nodi07`, unatoka kwa Ctrl-E, c, nukta. Ctrl-E, c, r hukurudishia mistari 20 ya mwisho. Kutazama bila kugusa ni `console -s nodi07`. Saa ya seva iwe Africa/Lubumbashi. Kinshasa wako nyuma yetu kwa saa moja, na mkilinganisha kumbukumbu saa hiyo moja inapotosha sana.

Tafadhali, usikimbilie `chassis power cycle`, amri ya ipmitool ya kuzima na kuwasha nodi. Soma konsoli. Kama fsck (programu ya kukagua mfumo wa faili) inakagua diski, iache imalize. Kama BIOS inangoja F1 kwa sababu betri ya CMOS imeisha, kuizima na kuiwasha kutairudisha palepale. Kwenye BIOS nyingi Esc kisha 1 hufanya kazi ya F1.